Mgombea Asiye na Utoto

Njia ya kwenda Masimulo haitatusumbua hapa. Aliyekwenda alifika, na hilo latosha. Jina lake Mzee Hiza Semwaiko, mtu wa milimani, aliyeanza kazi akikata mkonge na kustaafu akiwa msimamizi wa kiwanda kizima, baada ya kusoma masomo ya jioni benchi moja na vijana wa umri wa wanawe. Jambo hilo alipenda lijulikane. Popote alipoketi, hata chai haijapoa, mwenyeji wake alikuwa keshaambiwa kwamba Mzee Hiza alivaa viatu kwa mara ya kwanza siku ya harusi yake.

Kwa hiyo alipofika mpaka wa Masimulo, na askari asimwulize jina wala hati bali akamwuliza, "Uliteseka wapi, baba?", Mzee Hiza alijiona amefika kwa watu wenye akili zao.

Akawaeleza. Akawaeleza baridi ya milimani, shuka moja watoto watano, miiba ya mkonge viganjani. Askari wakaitana waje wasikie. Mmoja alifuta macho kwa kofia yake, akamwambia mwenzake, "Huu ni utoto safi kabisa, haujaguswa na mtu. Na wa mkonge! Sisi huku hatujawahi kuupata."

Wakampeleka kwa heshima hadi jimbo la Kaukeni, akafikia nyumbani kwa Bwana Zahoro, Mkadiriaji wa Idara ya Asili. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kuzungumza kama anayesoma dua. Majira hayo yalikuwa ya uchaguzi. Kaukeni ilikuwa ikitafuta mjumbe wa kuiwakilisha katika Baraza Kuu la nchi, na Bwana Zahoro alikuwa na kazi nyingi hata chakula alikila amesimama.

"Kwetu hapa," alimweleza mgeni wake, "hagombei mtu yeyote bila asili iliyokubaliwa na Idara. Lazima awe amezaliwa katika nyumba inayovuja. Awe amekwenda shule mbali, pekupeku. Mama yake awe amelala na njaa ili yeye ale. Wananchi hawawezi kumwamini mtu aliyeshiba tangu utotoni."

"Sheria nzuri," alisema Mzee Hiza, na alisema kwa moyo.

"Nzuri sana. Shida yake ni kwamba wanaotaka kugombea, wengi wao, walizaliwa penye nafasi. Sasa watoto wa wakubwa dhiki wataipata wapi? Si haki wakose uongozi kwa kosa lisilo lao. Ndiyo maana sheria inaruhusu mtu kuchukua utoto wa mwingine, kwa makubaliano, mbele ya Idara. Mwenye shida anapata anachohitaji siku hiyo, na mgombea anapata asili."

"Na yule aliyeutoa?"

"Hausemi tena. Hata kwa wanawe hausemi. Ukiwa wa Mheshimiwa, ni wa Mheshimiwa."

"Sasa yeye anabaki na nini?"

Bwana Zahoro alimtazama kwa mshangao wa upole. "Anabaki na maisha yake, mzee wangu. Sisi tunachukua habari zake tu."

Asubuhi wakaenda kuitembelea Hifadhi ya Dhiki, ambayo ndiyo fahari ya jimbo. Ilikuwa bonde pana, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kila baada ya hatua kadhaa kibao kimeandikwa: USICHIMBE. Ndani yake kulikuwa na vijiji vinne vitano vya nyumba za udongo. Wanawake na watoto walipita na ndoo vichwani, wakitoka kwenye dimbwi lililokuwa nyuma ya vilima, mwendo wa kutoka jua linapochomoza hadi linapopanda utosini. Walinzi waliwapisha kwa adabu kubwa. Mmoja alimpigia saluti mtoto wa kike aliyekuwa akichechemea.

Mzee Hiza alitazama chini ya bonde, mahali matete yalipokuwa bado mabichi katikati ya ukavu ule wote. Alikuwa mtu wa mashamba, hakuhitaji kuambiwa.

"Bwana Zahoro, pale chini pana maji. Kwa nini wasichimbe kisima?"

Mkadiriaji alisimama ghafla, kama mtu aliyesikia tusi mbele ya watoto. Kisha akakumbuka kwamba huyu ni mgeni.

"Tukichimba hapo, mzee, miaka thelathini ijayo nani atafaa kugombea? Kila kiongozi unayemsikia katika nchi hii ametoka katika bonde hili."

"Wote walizaliwa hapa?"

"Hapana, hapana. Asili zao ndizo zilizotoka hapa." Akaonyesha mkono kwa mbali. "Lile paa linalovuja limetoa wajumbe wawili na waziri mmoja. Mwenyewe aliomba ruhusa ya kuliziba. Tulikaa naye, tukamwelewesha, akaelewa."

Mzee Hiza hakupenda jibu lile, lakini hakuwa mtu wa kubishana na mwenyeji siku ya kwanza.

Siku zile habari ya jimbo zima ilikuwa moja. Mjumbe aliyekuwa kitini, Mheshimiwa Kondo Fumbwe, alikuwa amepata mpinzani, na mpinzani huyo alikuwa mwanamke aliyezaliwa ndani ya Hifadhi yenyewe. Aliitwa Bi. Sikudhani binti Pazi. Aliondoka msichana, akaenda nchi jirani, akafanya kazi na wachimba visima hadi akawa yeye ndiye anayewaonyesha mahali pa kuchimba. Sasa alikuwa amerudi, na sera yake ilikuwa moja tu: vibao ving'olewe, na kisima kichimbwe penye matete. Huko Baraza Kuu alitaka kwenda kwa ajili hiyo, kwani Baraza peke yake ndilo lingeweza kuifuta sheria ya vibao.

Alipokwenda Idara kusajili asili yake, waliifungua, wakaisoma, wakamrudishia. Utoto ule ulikuwa na mwenyewe. Zamani, mama yake Sikudhani alipokuwa akiumwa, baba yake Mzee Pazi alikuwa ameutoa utoto wa binti yake apate dawa. Aliyeuchukua alikuwa kijana wa mjini, Kondo Fumbwe, na kwa utoto huo ameshinda kila uchaguzi tangu hapo.

"Kwa hiyo Bi. Sikudhani ameshtakiwa kwa kuiga maisha ya Mheshimiwa," alisema Bwana Zahoro. "Na kesi yenyewe, mzee wangu, utaiamua wewe."

"Mimi?"

"Sheria inasema hivyo. Sisi wenyeji tunajuana, tutapendeleana. Panapokuwa na mgogoro wa asili, anakalishwa mgeni. Wote wawili wanausimulia utoto uleule, naye mgeni anasema ni nani aliyemgusa. Aliyemgusa mgeni ndiye mwenyewe. Na kwa jinsi nilivyoelezwa na askari wa mpakani, hatujawahi kupata sikio lililofundwa na mateso kama lako."

Mzee Hiza alinyoosha koti lake. Hatuwezi kusema hakufurahi.

Ukumbi wa Idara ulijaa hadi madirishani. Mheshimiwa Fumbwe alisimama kwanza. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kufunika chumba kama blanketi. Alianza polepole. Alieleza ndoo iliyokuwa kubwa kuliko kichwa chake. Alieleza jua. Alipofika kwa Mwaya, mdogo wake, aliyeketi njiani akasema, "Nenda tu, nitakufuata," Mheshimiwa alinyamaza, akatazama dari, akakishika kiti kilichokuwa mbele yake. Wanawake walikuwa wakilia waziwazi. "Niliporudi," alisema, "jua lilikuwa limemchukua. Ndoo yake ilikuwa imesimama wima, kana kwamba inamngoja." Mlinzi wa mlangoni aligeukia ukuta. Mzee Hiza mwenyewe alitafuta leso, asiione.

Kisha akaitwa Bi. Sikudhani. Alikuwa mwembamba, mikono yake imekomaa, na hakujua aiweke wapi.

"Tulikuwa tunaamka mapema," alisema. "Tunakwenda. Siku hiyo Mwaya alisema amechoka. Nikachukua ndoo yake na yangu. Nilisema nitampitia nikirudi." Ukumbi ukangoja. "Niliporudi kulikuwa na watu wazima wamesimama pale."

Akaketi.

"Ndiyo imekwisha?" mtu aliuliza kwa nyuma.

"Hata kulia hajui!" mwingine akadakia. "Mama, ungeazima machozi basi!"

Watu wakacheka, kisha wakanyamazishwa. Mzee Hiza akasimama. Maisha yake yote alikuwa amepima habari ya mtu kwa machozi ya wasikilizaji, na kwa kipimo hicho hakuona penye shaka. Alisema aliyemgusa ni Mheshimiwa. Watu wakashangilia. Bwana Zahoro akampa mkono kwa mikono miwili. Bi. Sikudhani alimtazama mara moja tu, bila hasira, kama mtu anavyomtazama mpita njia aliyemkanyaga asijue.

Nje, kivulini mwa ukuta wa ukumbi, alikuwa ameketi mzee mmoja mwenye fimbo. Mzee Hiza akamsalimu, akaambiwa kwamba huyo ndiye Mzee Pazi. Akataka kupita upesi.

"Usikimbie, ndugu yangu," alisema Mzee Pazi. "Sikulaumu. Hata mimi Mheshimiwa akianza pale kwenye ndoo, nalia. Analia vizuri kuliko sisi. Sisi hatukupata nafasi ya kujizoeza."

"Kwa hiyo ni kweli kwamba yule binti..."

"Sisemi kitu. Nikisema, nafungwa." Alichora mchangani kwa ncha ya fimbo. "Nitakuuliza la kwako, hilo sheria haikatazi. Wewe una habari nyingi za utotoni, tumesikia. Huna moja usiyoisimulia?"

Mzee Hiza alifungua kinywa ajibu kwamba hana. Kilichomjia ni mashine ya kusokota nyuzi, na sauti ya mdogo wake Shauri, na kelele za watu wakisema zimeni, zimeni. Habari hiyo hakuwahi kuitia katika masimulizi yake, mpakani wala kwenye harusi wala darasani. Si kwamba aliificha. Kila alipojaribu, ilitoka maneno matatu, makavu, ikaishia hapo. Watu wasingelia kwa maneno matatu.

Kisha akauliza nyumba ya Bi. Sikudhani iko wapi.

Alimkuta uani akisugua sufuria kwa majivu. Akamkaribisha kigoda. Mzee Hiza hakukaa.

"Binti yangu, nimehukumu vibaya. Mgeni hapewi nafasi ya kuhukumu mara ya pili, nimeuliza. Lakini nimeuliza na jambo lingine. Mgeni anaruhusiwa kutoa utoto wake. Nimekuja kukuachia wangu."

Bi. Sikudhani aliacha kusugua. "Wa mkonge?"

"Wote. Shuka, miiba, viatu vya harusi. Ukisimama na huo mbele ya watu hawa, Fumbwe hakuwezi. Nakuambia nimeujaribu."

Alicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza Mzee Hiza kumsikia. "Baba, nani ataniamini? Mimi sijawahi hata kuuona huo mkonge. Na wewe ukirudi kwenu, wajukuu wakikuuliza, utawaambia nini? Kwamba ulizaliwa mzee?"

"Ndiyo nilivyoamua."

"Nakushukuru. Kweli nakushukuru, ni kitu kikubwa." Akamwaga maji ya majivu penye mchicha. "Lakini nikikubali, keshokutwa nitakuwa Fumbwe mwenye gauni. Nitasimama hivyohivyo, mtupu."

"Sheria inaruhusu?"

"Haikatazi. Kwamba hagombei mtu bila asili ni mazoea ya Idara; sheria yenyewe imesema tu kwamba asiye na asili asizungumze habari za nafsi yake. Atazungumza sera peke yake. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, kwa hiyo hawakuona haja ya kukataza."

Mkutano wa mwisho ulifanyika nje ya mawe ya chokaa. Mheshimiwa Fumbwe alihutubia saa nzima, watu wakalia, wakaridhika. Sera aliitaja mwishoni, kama mtu anavyotaja bei baada ya kusifu bidhaa: angeilinda Hifadhi, angeongeza walinzi, na kila mtoto abebaye maji angepewa cheti cha heshima.

Bi. Sikudhani alipopanda, wapambe wa Fumbwe walianza mapema.

"Dada, umetokea wapi?"

"Kwa mujibu wa sheria, kaka yangu, sikutokea popote."

"Mama yako nani?"

"Hiyo nayo waulizeni Idara. Mimi nimekuja kuzungumza habari ya kisima."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, kwa maana hawakujua kitakachofuata. Akaeleza. Penye matete, si pengine. Kina cha watu wanne wakisimama mmoja juu ya mwingine, pengine watano. Mawe ya kujengea kingo yapo tayari, yale yaliyopakwa chokaa. Kamba itatunzwa na nani, zamu itakwendaje, ukuta wa kuzuia watoto wasitumbukie utakuwa wa kimo gani. Hakuna aliyelia. Wengine walianza kuondoka. Ndipo mama mmoja mnene aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni akapaza sauti.

"Na ng'ombe je? Watakunywa humohumo tunamochota sisi?"

"Hapana, dada. Tutatengeneza birika lao pembeni, upande wa chini, wasituchafulie."

"Na yakitoka ya chumvi?"

"Tutafukia, tujaribu kwingine. Na nitakuja kuwaambia kwamba nilikosea."

Waliokuwa wakiondoka wakageuka. Katika nchi ile mgombea hakuwahi kusema anaweza kukosea. Mzee mmoja akauliza kuhusu kamba. Mwingine akambishia kuhusu kina. Wakabishana naye hadi walinzi wakataka kuwatawanya, lakini mkuu wao alipekua sheria, asione mahali palipokataza swali.

Kura ya Masimulo hupigwa kwa miguu. Kila mgombea husimama kiwanjani, na amtakaye humpangia foleni nyuma. Siku ilipofika, foleni ya Mheshimiwa ilizunguka kiwanja ikatokea barabarani. Ya Bi. Sikudhani ilikuwa ya watu wa bondeni, na si wote. Mzee Pazi alikuwa humo na fimbo yake. Mzee Hiza, asiye na kura, alisimama kando na koti lake mkononi.

Bwana Zahoro akatangaza mshindi. Ngoma zikalia. Mheshimiwa Fumbwe akainua mikono, akaanza kumshukuru mama yake, yaani mama yake Sikudhani.

Bi. Sikudhani alimsikiliza mpaka alipofika kwenye ndoo. Kisha akageuka, akaanza kutembea. Foleni yake haikuvunjika. Walikuwa wamekwisha kujipanga, wakamfuata hivyohivyo walivyopangana, mmoja nyuma ya mwenzake, wakapita kati ya mawe ya chokaa, wakashuka bondeni hadi penye matete. Hakuna aliyetoa hotuba. Mwenye jembe alichimba, asiye nalo alitumia ndoo, na udongo ukawa unapanda kutoka mkono hadi mkono. Kibao cha USICHIMBE walikitumia kuzuia ukingo usibomoke.

Walinzi walifika wakikimbia, na ofisa wao akitangulia. Alikuwa mtu wa kufuata kanuni. Kila shtaka katika nchi ile huanza na asili ya mshtakiwa: kazaliwa wapi, kakulia katika hali gani. Bila hiyo hakuna hakimu atakayelisikiliza.

"Wewe," alimwambia yule mama mnene, "asili yako?"

"Anayo Waziri wa Ardhi, mwanangu. Kamshike yeye."

Akamgeukia aliyefuata. Utoto wake ulikuwa kwa balozi fulani. Wa tatu aliutoa kwa ajili ya kaburi la mumewe, na hakumbuki ulikwenda kwa nani. Ofisa akapita foleni nzima. Wote walikwisha kutoa. Watu wazima walikuwa wamejaa bonde zima, lakini kwa mujibu wa sheria hapakuwa na mtu aliyezaliwa.

Akafika kwa Mzee Hiza, aliyekuwa sasa ndani ya foleni, mikono imejaa tope. "Wewe je, mgeni? Wewe tunajua unayo. Tueleze."

Ilikuwa nafasi nzuri, na wasikilizaji walikuwa wengi. Mzee Hiza alimwangalia ofisa, akapokea ndoo ya udongo kutoka kwa Mzee Pazi, akaipitisha mbele.

"Sina la kueleza," alisema. "Nifunge kwa hilo, kama kuna kifungu."

Ofisa akaketi juu ya lundo la udongo, akavua kofia. Alisema atangoja maagizo. Chini shimoni jembe liligonga, likagonga tena, kisha sauti yake ikabadilika. Bi. Sikudhani akapanda, amechafuka hadi nyusi, akatazama walio karibu, na aliyekuwa karibu zaidi ni ofisa. Akamwekea konzi ya udongo kiganjani.

"Shika," alimwambia.

Ofisa akaufumba mkono. Udongo ulikuwa wa baridi, na maji yakamchuruzika katikati ya vidole.